Televisheni ya Tano

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo! Shikamoo tena, maana ya kwanza naona haikutosha. Mimi mzima, mume wangu mzima, chumba chetu kizima, hata ile sufuria uliyosema haitamaliza mwezi nayo ni nzima. Natumaini nawe hujambo, na Baba amerudi salama na lori lake na amekuletea uzi ulioagiza.

Shangazi, kumbe ndoa ndiyo hii? Mbona hukuniambia? Wiki ya saba leo, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unanidunda kama ndiyo kwanza tunachumbiana. Jana karudi na vumbi la dari kichwani na nyaya zinaning'inia mfukoni. Nikamwambia, hata ungerudi umevaa gunia ningekufungulia mlango. Akafikiri kidogo, akasema, "Gunia ni zuri, lingeingia bisibisi zote." Ndivyo alivyo. Mimi namwaga mapenzi, yeye anatafuta pa kuweka bisibisi. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Kochi ulilotushonea limekuwa kama mtu wa tatu humu ndani. Kila mgeni analikalia kwanza, ndipo anatusalimu. Mume wangu hupitisha kidole kwenye ile safu ya misumari midogo na kusema haamini kwamba imepigwa kwa mkono. Nikamwambia mimi nimelala miaka yote ya utoto kwa mlio wa nyundo hiyo, ta, ta-ta, ta, na ukimya wa hapa kwetu mchana wakati mwingine unanisumbua kuliko kelele.

Nimekupigia simu mara sita. Baba anasema simu umeifungia kabatini. Umenichoka? Hata kwenye harusi ulisimama pembeni, umeshika spika kama mlinzi, watu wote wanacheza. Nilitamani uje katikati.

Habari ya mwisho ni ya kazini kwa mume wangu. Pale kwenye jumba la sanaa wameletewa kazi ya video, televisheni tano zile za zamani zenye mgongo, na yeye ndiye wa kuzifunga nyaya na spika. Ni habari ya bendi ya roki ya zamani, iliyoanzishwa na wachoraji na wachongaji waliokuwa chuoni, na hakuna aliyejua kupiga chombo! Nilicheka sana. Nikienda kuiona nitakusimulia, ingawa najua wewe na muziki hamsalimiani.

Mimi wako,
Kifungo (yule yule uliyemtapisha kifungo cha kochi)


21 Februari

Kifungo,

Marahaba, zote mbili. Sijambo. Baba yako amerudi, uzi ameleta, rangi siyo. Nilisema kahawia, akaleta wa rangi ya chai ya maziwa. Anasema ni kahawia iliyokonda.

Habari za ndoa sikukuambia kwa sababu sizijui. Mimi najua makochi. Mwambie Bwana Waya aache kulipapasa, mafuta ya vidole yanaua kitambaa.

Simu siipendi. Andika, una mwandiko mzuri.

Nimepata kazi ya viti sitini vya ukumbi wa mikutano. Vyote sponji imekufa na springi zimetoka nje kama mbavu. Kwa hiyo usiponipata haraka ujue nimezama humo.

Kuleni vizuri. Usimpe chai ya kukaa, chai ya kukaa inaharibu tumbo.

Shangazi yako

Hizo televisheni umesema ni tano. Una hakika ni tano, si nne?


3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hatujambo sote. Mapazia yametundikwa, jirani wa juu amepunguza kuburuta meza, na mume wangu amejifunza kupika chai isiyofanana na lami. Nimesalimu vizuri kama ulivyonifundisha. Sasa niache nipumue, nikupe habari yenyewe.

Ni tano. Nina hakika, kwa sababu ya tano nimeibeba mwenyewe.

Jumamosi nilimpelekea chakula cha mchana. Nikawakuta wamekwama mlangoni na televisheni ya mwisho, nzito ajabu. Fundi mwenzake hakuja, amebaki yeye na mwenye kazi, mzee mrefu wa koti la madoa ya rangi. Mafundi wanamwita Mzee Kanda, kwa sababu mkoba wake wa kanda za video hauachi hata akienda msalani. Nikawaambia, "Nipisheni, mimi nimelelewa na makochi." Nikashika upande wangu, nikahesabu kama tunavyohesabu nyumbani.

"Moja, mbili, haya, nne!"

Mimi na mume wangu tukainua. Mzee Kanda akaachia. Nusura itusage vidole vya miguu.

"Mzee, vipi tena!" mume wangu akapiga kelele. "Unataka nirudi kwa bibi harusi wangu na miguu bapa?"

Mzee hakumsikia. Ananitazama mimi. "Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Hesabu."

"Moja, mbili, haya, nne."

"Tatu iko wapi?"

Nikacheka. "Kwetu haipo, mzee. Shangazi yangu ndivyo anavyohesabu akiinua kitu, na sisi sote tumefuata. Darasa la kwanza mwalimu wa hesabu alinisimamisha ubaoni muhula mzima kwa ajili ya hiyo tatu."

Akakaa chini. Sakafuni kabisa, na koti lake. Halafu akainuka, akanishika mkono kama mtoto, akaniingiza kwenye kile chumba cha giza, akabonyeza kitufe kimoja. Spika zikakwaruza. Kisha sauti ya msichana ikasema:

"Moja, mbili, haya, nne."

Shangazi. Ilikuwa nyembamba, ina kicheko ndani yake, lakini ni wewe. Ni sauti iliyoniinulia kitanda, kabati, na mimi mwenyewe nilipoanguka kwenye baiskeli. Mume wangu aliyekuja nyuma yangu akasema taratibu, "Huyo si Shangazi?" Na yeye amekusikia siku tatu tu maishani mwake!

Mzee Kanda akanieleza. Walikuwa watano. Yeye gitaa, wengine watatu besi, kinanda na kuimba, na mpiga ngoma alikuwa msichana wa darasa la uchongaji. Ngoma zake zilikuwa makopo ya rangi na ndoo ya plasta. Hakutaka kupigwa picha akipiga. Ndiyo maana kwenye kanda zote anasikika na haonekani, wala hakuna wimbo ulioanza kabla hajahesabu. Siku moja hakuja. Wakaiwasha kamera, wakaielekeza kwenye stuli yake ili akifika wamwoneshe jinsi alivyowachelewesha. Dakika thelathini na nane za stuli tupu. Hiyo ndiyo televisheni ya tano.

Hakuniomba anwani yako. Amesema ana ombi moja, nalo niliandike hivi hivi: "Sauti ya mtu ni ya mtu. Akikataa, nitaitoa, hata kama kazi yote itaanguka." Maonyesho yanafunguliwa tarehe ishirini Aprili.

Shangazi, ni wewe? Mbona hukuwahi kuniambia hata nusu neno? Ninaitazama safu ya misumari kwenye kochi na nasikia kitu kingine kabisa.

Kifungo


27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya nne hii hujajibu. Baba anasema u mzima na una nyundo mkononi, basi nimejikaza. Hapa hatujambo. Mume wangu anakusalimu. Siku hizi hata akiinua ndoo ya maji anahesabu kwa namna yako, na haitaji tatu. Nimemkataza, hasikii.

Mzee Kanda haulizi. Anakuja asubuhi, analitazama lile sanduku la posta pale mlangoni, anaingia ndani. Mimi pia nalitazama la kwetu.

Kama nimekukosea kwa kuuliza, nisamehe. Lakini jibu, hata mstari mmoja. Nimekumiss mpaka nimelala na kile kitambaa chako cha kufungia kichwa, na mume wangu hajanicheka.

Kifungo


8 Aprili

Kifungo,

Marahaba. Sijambo. Viti thelathini na moja vimekwisha. Baba yako yuko safarini. Kile kitambaa kifue, kina gundi.

Mwambie sauti aitumie. Mimi siitumii.

Ndiyo, ni mimi. Makopo yalikuwa sita. Kubwa lilikuwa la rangi nyeupe ya kuta na ndilo lililokuwa na sauti nzuri, mradi liwe limebaki rangi kidogo chini, imekauka. Likiwa tupu kabisa linapiga kelele za kijinga. Picha nilikataa kwa sababu nikipiga uso wangu unakuwa kama wa mtu aliyebana misumari mdomoni. Unaujua uso huo, umeuona kila siku.

Na tatu niliiondoa kwa ajili ya huyo mzee wa gitaa. Mwulize. Alikuwa akiingia mapema, kila wimbo, kila siku, nikisema tatu tu yeye keshaanza. Nikaona bora niiondoe kabisa, niweke neno la kumshtua. Basi akawa anaingia mapema kwenye haya.

Kwa nini niliondoka si habari ya barua. Nilikuwa na kazi nyumbani.

Kuja sitakuja. Viti vinasubiri.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi yangu wa makopo,

Shikamoo! Tumefungua! Ningekuwa na mikono minne ningeandika barua mbili kwa pamoja. Nilivaa gauni la bluu, mume wangu akavaa shati ulilompa, na akaja nalo kola imegeuka ndani nje. Nikamwambia hata hivyo ndiye mwanamume mzuri kuliko wote humu. Akasema, "Humu mna giza."

Nikueleze ilivyo. Chumba ni cheusi tii. Televisheni nne zimepangwa nusu duara, kila moja na mtu wake, na zote zimegeukia ya tano yenye stuli yako na makopo. Wale wanne hawapigi. Wanangoja. Ni vipande vya kungoja ambavyo mzee ameviokota kwenye kanda zote. Mmoja anakaza nyuzi, mmoja anajikuna sikio, yule wa kinanda anakula mkate. Unakaa, unangoja nao. Watu wengi wanachoka na kutoka. Ukivumilia dakika thelathini na nane, sauti yako inatoka gizani, na wale wanne wanaruka kama waliopigwa shoti. Wimbo mmoja tu, dakika tatu. Ngoma zako zinasikika, stuli bado tupu. Halafu kimya, na kungoja kunaanza upya.

Shangazi, ni kibaya kile kibao! Gitaa linalia kama mlango. Na sijawahi kusikia watu wenye furaha namna ile. Mume wangu alinishika mkono gizani, nikalia, na jirani yangu nisiyemjua naye akalia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na naliandika haraka kabla sijaogopa. Kwenye kanda ya stuli kuna tarehe imeandikwa kwa kalamu. Niliisoma wakati mzee ananionesha mkoba wake. Ni siku kumi na moja baada ya Mama kuzikwa. Nilikuwa na miezi minne. Baba alikuwa barabarani.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nakuona umekaa na chupa ya maziwa badala ya fimbo za ngoma. Ulinipa maisha yako yote na mimi nililalamika kwamba hukucheza kwenye harusi yangu. Nitakulipa nini? Njoo, tafadhali. Njoo uone kwamba walikungoja.

Mwanao,
Kifungo


12 Mei

Kifungo,

Marahaba. Sote hatujambo, viti arobaini na nane.

Nimeiandika barua hii mara tatu na nimechana zote tatu, kwa hiyo hii isome bila kuniharakisha.

Usinifanye mhanga. Sikupenda ulivyoandika. Mtu akikulea kwa huzuni unaionja kwenye chakula, na wewe ulinenepa.

Ukweli ni huu. Mwezi ule tulikuwa tumepata nafasi ya kupiga kwenye ukumbi wa kweli, mbele ya watu, na ngoma za kweli. Mimi ngoma za kweli sikuzijua. Nilijua makopo sita. Nilikuwa naenda kuziona pale ukumbini zimepangwa zinang'aa, narudi nyumbani bila kuzigusa. Ndipo mama yako akafa, Mungu amrehemu, na kaka yangu akaniwekea mtoto mikononi, na ndani kabisa ya msiba ule nikasikia kitu kinasema: umepona. Umesikia? Wewe hukuniibia kitu. Wewe ulikuwa kisingizio kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa, na nilikishika kwa mikono miwili.

Halafu nikakipenda. Hilo nalo liandike.

Kinachoniuma si ngoma. Ni kwamba sikuwapelekea hata mstari mmoja. Nilijua wapo pale wanangoja. Nilikuwa nakubembeleza na kutazama saa ukutani, nikasema sasa wamekasirika, sasa wamechoka, sasa wamekwenda. Wiki ikapita, mwezi ukapita, ikawa aibu kuandika. Ndiyo hiyo tu. Hakuna siri nyingine.

Ipo moja. Simu naifungia kwa sababu siisikii. Huu mwaka wa pili. Lilianza sikio la kushoto, la kulia likafuata. Baba yako anajua, nilimwapisha; wewe hukugundua kwa sababu midomo naisoma. Kwenye harusi yako sikuwa mlinzi. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye spika, na kwa njia hiyo harusi yako niliisikia yote, mpaka ule wimbo wa mwisho mliocheza ninyi wawili. Nilitaka kuja katikati. Ningeuachaje ule wimbo?

Kwa hiyo usinibembeleze nije. Kile kibao bado ninacho kichwani, kizima, gitaa na kinanda na mkate wa yule. Nikija nikakaa mbele yao, nikawaona midomo inafunguka na hakuna kitu, nitarudi nyumbani hata hicho sinacho.

Shangazi yako


23 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo.

Nimeisoma bila kuharakisha. Nimelia, halafu nikacheka kwenye "ulinenepa", halafu nikalia. Sitakubembeleza.

Nikusimulie tu kilichotokea. Nilimpa mume wangu barua aisome. Aliisoma amekaa kwenye kochi lako, akaikunja, akasema anakwenda kutafuta mbao. Nikakasirika. Nikasema moyoni, mtu anaambiwa jambo kama hili, naye anakwenda kutafuta mbao! Siku nne anarudi na maranda kwenye nyusi. Jana akasema, "Vaa viatu, twende."

Mbele ya televisheni ya tano amejenga jukwaa dogo la mbao, kimo cha kiganja. Chini yake amelaza spika mbili kubwa, zimetazama juu, na sauti ya kila kopo lako ameitafutia mahali pake kwenye mbao. Juu yake ameweka benchi. Mzee Kanda naye alikuwa amepiga magoti anapiga msasa. Sikumwambia mzee habari ya masikio yako, wala mume wangu hakumwambia. Alimwambia tu kwamba kuna mtu anasikiliza kwa viganja, mzee akasema, "Basi tulainishe, asichomwe na vibanzi."

Nilikaa. Niliziba masikio kwa pamba na juu yake mikono. Shangazi, kopo la rangi nyeupe linapanda kwenye kisigino cha kulia. Ndoo ya plasta inakuja kwenye mfupa wa kukalia. Gitaa ni kama nyuki chini ya vidole. Niliujua wimbo wote.

Halafu mume wangu akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, "Sikujua namna nyingine ya kumwambia Shangazi pole." Mimi huyu mtu nitampeleka wapi?

Benchi halina sponji. Najua mikono inakuwasha. Tafadhali usishone, sponji itameza mtikisiko.

Maonyesho yanafungwa tarehe thelathini Juni. Sijasema kitu, nimetaja tarehe tu.

Kifungo


10 Juni

Kifungo,

Marahaba. Viti sitini vimekwisha.

Benchi halifai kwa mpiga ngoma. Ni stuli, na magoti yawe chini ya nyonga. Bwana Waya apime sentimita hamsini na tano kutoka mbaoni. Usimwambie mtu.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi yangu, Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na yule wa siti ya pembeni hakukulalia bega. Sisi hatujambo, ila nyumba imepwaya. Siku tatu tu ulizokaa, na mume wangu bado anapanga vikombe vitatu asubuhi, anavitazama, anarudisha kimoja.

Pale kituoni uliandika kwenye kidaftari chako, "Nyuma yangu alisema nini?" Nami sikuweza, nilikuwa nalia kama mpumbavu na gari linaondoka. Nilikuahidi barua. Hii hapa. Nitakuandikia yale yaliyokuwa mgongoni kwako.

Ulipoingia, chumbani kulikuwa na watu kama kumi na wawili, siku ya mwisho. Ulikwenda moja kwa moja kwenye stuli, ukavua viatu. Mzee Kanda hakuwepo. Alikuwa uani anafungasha masanduku, maana mume wangu alishika neno lako na hakumwambia. Ulikaa dakika zote thelathini na nane. Ulimtazama yule wa mkate ukatabasamu. Watu waliingia na kutoka, wewe hukugeuka. Viganja umevilaza kwenye mapaja, visigino kwenye mbao.

Na ulipofika wakati, sauti yako ikatoka gizani. Lakini Shangazi, nawe ulihesabu. Sijui ulijuaje. Mume wangu anasema kabla ya sauti kuna mkwaruzo wa kanda, na mkwaruzo unatikisa mbao. Ulihesabu kwa sauti kubwa sana, kwa kuwa hujisikii, na yule msichana akahesabu nawe, neno kwa neno, miaka ishirini na saba katikati yenu na hamkupishana hata kidogo. Wale wanne wakaruka. Nawe ukapiga. Ulipiga mapaja, ulipiga stuli, ulipiga mbao kwa visigino, na uso wako ulikuwa ule wa misumari mdomoni. Jirani yangu akaniuliza kama hii ni sehemu ya kazi. Nikamwambia ndiyo.

Mzee alikuja kwa kusikia kelele. Alisimama mlangoni na kamba ya kufungia masanduku mkononi mpaka wimbo ukaisha. Nawe umekaa, mgongo kwetu, unahema. Ndipo aliposema. Hakusema "umechelewa". Hakuuliza ulikuwa wapi. Alisema neno moja, kwa sauti ndogo kama anaomba kitu ambacho hana haki nacho.

Alisema, "Tena."

Ulikuwa husikii. Nilinyanyuka nije nikuguse bega, mume wangu akanizuia. Maana wewe, hujageuka, hakuna aliyekwambia, ulikuwa umekwisha kuinua mikono. Kwenye televisheni wale wanne wamerudi kungoja. Spika zimenyamaza. Ukasema, "Moja, mbili," na mzee akatupa kamba chini, akapanda jukwaani nyuma yako, akakanyaga mbao kwa mguu wa kulia kabla hujasema haya.

Mapema, Shangazi. Mapema kabisa.

Yaliyofuata unayajua, lakini naomba niyaandike, kwa sababu wewe hukuyasikia na ni sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Mbao zilipotikisika chini ya visigino vyako, kabla hujageuka kumwona ni nani, ulipiga kelele chumba kizima kikaitika:

"Wewe! Subiri nne!"